Nyumba Niliyojengewa na Binti Yangu

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea tafuta mahali ukae, maana barua hii ni ndefu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigomea asubuhi, likishapata chai linakubali. Presha wamepima juzi, nesi akasema, "Mama, una presha ya msichana." Nimewaambia watu wote. Wewe je? Unakula? Ukiwa na huzuni huwa unaacha kula tangu ulipokuwa na miaka sita, na sitaki kusikia kwamba unaachana na mume halafu unaachana na chakula pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilitafuta kosa la mwanaume sikulipata, umeandika tu kwamba mmechokana. Mwanangu, kuchokana nako ni sababu? Mimi na marehemu baba yako tulichokana miaka kumi na minane na tukaendelea vizuri tu. Mara ya tatu nikatazama mwandiko. Umenyooka, hakuna neno lililofutwa. Hapo nikajua umeshaamua. Wewe ukishapiga chaki juu ya kitambaa, mkasi hauna la kusema.

Basi sikiliza ya mama yako. Usimwachie kitu, hata msumari. Karakana ile ni wewe. Watu hawaji kununua mbao, wanakuja kununua makochi, na kochi ni kile mtu anachokiona na kukikalia, yaani kitambaa chako na sponji lako. Fremu iko ndani huko, nani anaiona? Hata mimi nina mifupa, lakini watu wakisema nimependeza hawasifu mifupa. Yule bwana, mkwe simwiti tena, kuanzia leo ni Bwana Randa, achukue randa yake aende zake salama.

Umesema kuna mama msuluhishi atakayewagawia mali na madeni. Nimemwandikia. Kurasa mbili, na picha ya nyumba ndani yake. Nimemweleza kwamba mchumaji ni binti yangu, na kama anataka ushahidi aje aone nyumba ninayokaa, vyumba vinne, bati la rangi, vigae sebuleni, na yote imejengwa na binti yangu kwa jasho lake peke yake, tangu msingi hadi kenchi za paa. Nikaandika kwamba mtaa mzima ni shahidi. Na ni kweli, mtaa mzima unajua, maana nimewaambia mimi. Jana tu nilikuwa namkumbusha Mama Daktari, yule jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu mwanawe awe daktari anatembea kama yeye ndiye aliyegundua dawa. Nikamwambia, wako anawalaza watu, wangu anawakalisha.

Hii nampa dereva wa lori la sponji kama kawaida yetu. Ile ya msuluhishi nimeipeleka posta mwenyewe, na risiti ninayo.

Ndimi mama yako, uliyemjengea.


9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na presha imebaki ya msichana. Mimi mzima, na ninakula, jana nimekula mara tatu.

Nikueleze utaratibu ili usiwe na wasiwasi. Msuluhishi ametutaka kila mmoja aandike orodha mbili peke yake, bila kuonyeshana. Moja ya tulivyo navyo, ya pili ya tunavyodaiwa. Halafu zote nne zitasomwa kwa sauti mbele yetu. Palipolingana panapigwa muhuri, palipotofautiana ndipo panapozungumzwa. Hatukujaliwa mtoto, Mama, tulijaliwa karakana, kwa hiyo hatuna kingine cha kugawana. Cherehani zangu mbili na meza ya kukatia. Mashine yake ya randa na msumeno wa umeme. Mbao. Upande wa madeni kuna sponji tulilochukua kwa mkopo, na kuna seti tisa za makochi ambazo wenyewe wametanguliza pesa. Nyingine fremu iko tayari haijavishwa, nyingine kitambaa nimeshakata na fremu haijaanza. Hilo ndilo linalotuumiza kichwa. Mteja huwezi kumpa nusu kochi.

Na kuhusu fremu, Mama. Kochi lisilo na fremu nzuri ni mto mkubwa tu. Huyu mtu kazi amefanya.

Nakuomba jambo moja. Chukua hiyo risiti, nenda posta leo hii, waombe wakurudishie ile barua kama bado wanayo. Nitakueleza baadaye.

Mwanao.


17 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ilifika kwa msuluhishi kabla yetu, na leo ameisoma mbele yetu. Ameisoma yote, na ile picha akaisukuma katikati ya meza. Akauliza nyumba hii imejengwa lini. Tukasema miaka minne iliyopita. Akauliza mlikuwa mmeshaoana? Tukasema ndiyo, tulikuwa na miaka kumi ya ndoa. Akavua miwani. Akatuambia kwamba kilichojengwa ndani ya ndoa kwa mapato ya mmoja wenu ni mali ya ndoa, hata kama kiwanja ni cha mzazi. Na kwa jinsi ilivyo pichani, vyumba vinne na bati la rangi, thamani yake inakaribia karakana nzima.

Umeona ilivyokaa? Kama nyumba niliijenga mimi, basi mimi nimeshachukua fungu langu. Nyumba inahesabiwa kwangu, karakana inahesabiwa kwake, pamoja na cherehani zangu. Natoka na nyumba ambayo si yangu, siwezi kuiuza wala sitaki, na sina hata sindano.

Nikasema sikuijenga mimi. Mume wangu naye akasema, "Ile nyumba ni ya mama mwenyewe." Msuluhishi akajibu kwamba amesikia, lakini kesho mmoja wenu akigeuka, barua ya mama mwenye nyumba ipo kwenye faili, kwa mkono wake, na inasema vingine. Akaniuliza kama mama yangu ni mwongo. Ningesemaje?

Anataka maelezo yako ya maandishi, yatolewe mbele ya ofisa wa mtaa, na mashahidi wawili walioona nyumba ikijengwa. Yamfikie kabla ya tarehe mbili Aprili.

Wewe na mimi tunajua kuta zile ni za nani. Ni kiinua mgongo chako. Miaka ishirini na miwili ukifua mashuka ya hospitali. Nenda ukawaambie hivyo hivyo.

Mwanao.


21 Februari

Mwanangu,

Sijambo. Presha sijapima na sitaki kupima.

Posta nilikwenda, usidhani sikwenda. Karani akaniambia barua ikishaingia kwenye gunia haina mwenyewe tena.

Sasa unanituma ofisi ya mtaa nikaseme mimi ni mwongo. Mimi. Mwanamke ambaye akipita barabarani watu wanasogea. Nikwambie lilivyoanza, maana hujawahi kuniuliza. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa dirisha, na mimi nina vumbi hadi kwenye nyusi, Mama Daktari akasimama kwa mwavuli wake akasema, "Maskini, na umri huu unajijengea mwenyewe?" Hilo neno maskini, mwanangu. Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Najijengea wapi? Ananijengea binti yangu, mimi nasimamia tu." Kuanzia siku hiyo wakaniona mtu. Mama anayejijengea anaonewa huruma. Mama anayejengewa anapishwa kwenye foleni. Na wewe nilikupandisha pia, usisahau. Hapa mtaani kwetu wewe ni jina.

Halafu nani amesema nimedanganya? Paa si lako? Pesa ya bati na mbao za kenchi hukutuma wewe? Basi sikudanganya, nilizidisha.

Kama ni cherehani, niambie bei, nauza kabati na kitanda nilalie mkeka. Lakini mbele ya wale watu siendi. Na huyo Bwana Randa mbona ametulia? Anangoja tu mwiba uchome nguo yako achukue kitambaa.

Mama yako.


26 Februari

Mama yangu,

Shikamoo, na samahani kama nilikuandikia kwa ukali. Natumaini umepima presha. Mimi mzima.

Paa si langu.

Nilipaswa kukwambia miaka minne iliyopita. Mwaka ule karakana ilikuwa haina kitu, tulikuwa tunashona viti vya watu kwa kukopa uzi. Kuta zako zilikuwa zimesimama na wewe umeshahamia, unalala chumba cha uani umefunga nailoni juu ya kitanda. Mimi sikujua, kwenye barua ulikuwa unaniandikia kwamba unakaa kama malkia. Mume wangu ndiye aliyepita kwako alipokwenda kutafuta mbao, akaona. Aliporudi alipiga hesabu siku mbili. Ya tatu akaenda chama chake cha akiba na mikopo, akakopa kwa jina lake, akaniwekea pesa mkononi. Akaniambia, "Mtumie mama. Usimwambie imetoka kwangu, atakosa raha ya kukusifu."

Nikakutumia. Ukanisifu. Nikanyamaza.

Ule mkopo bado anakatwa kila mwezi. Umebaki mwaka mmoja na miezi miwili. Siku ile orodha ziliposomwa, katika ya kwake ya madeni haukuwemo. Kwangu ulikuwemo, niliuandika wa kwanza, deni la paa la mama, jina la mkopaji ni yeye, na namba ya mkopo; nakala ya orodha naiweka humu uione. Msuluhishi akamgeukia, bwana, mbona deni lako limeandikwa na mkeo, wewe hulijui? Akasema, "Ile nilimpa mama. Zawadi haiandikwi kwenye madeni."

Sikukwambia hili kwenye barua iliyopita kwa sababu nilitaka kwanza uende ofisini kwa ajili yangu. Sasa nakwambia ili uende kwa ajili ya kilicho kweli. Ukinyamaza, yeye anachukua karakana nzima asiyoitaka, mimi natoka mikono mitupu, na paa alilolipia yeye linahesabiwa kuwa mali yangu. Hakuna hata mmoja wetu anayetoka na haki yake.

Tumechokana, Mama, hilo kweli. Hatuongei mezani. Lakini sitaki kumwibia.

Mwanao, ambaye naye alinyamaza.


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Dereva wa sponji amepita mara tatu mikono mitupu. Anasema anakuona umekaa barazani, unampungia tu. Nijulishe kama u mzima. Zimebaki wiki mbili.

Mwanao.


25 Machi

Mwanangu mpenzi,

Mimi ni mzima, na leo salamu nazitoa kwa kichwa kilichoinuliwa, utaona kwa nini. Goti linauma lakini limefanya kazi ya haki. Presha nimepima, imepanda kidogo, nesi ameniuliza nina mawazo gani, nikamwambia ni mambo ya watu wenye mali.

Barua yako ya paa niliisoma nikatoka nje, nikasimama uani nikalitazama lile bati. Miaka minne nalitazama, sikuwahi kuliona. Mkwe wangu alikuja siku ile, nakumbuka. Nilimkaribisha sebuleni kusiko na paa nikamwambia tunapunga hewa. Akacheka, akanywa chai, akasema kweli hewa ni nzuri. Kumbe macho yalishaingia hadi chumba cha uani. Na mimi nimemwita Bwana Randa mbele ya watu. Hilo jina nimelifuta. Nimewaambia walionisikia walisahau, nao wamesahau kama watu wanavyosahau, yaani wanalitumia nikiwa sipo.

Nilikaa wiki tatu sijui nianzie wapi. Shahidi wa kwanza alikuwa rahisi, yule fundi mwashi. Nilimkuta anachanganya zege, nikamwambia nataka aseme nyumba nilijenga mimi. Alicheka hadi akakaa kwenye toroli. Akasema siku zote alikuwa anajiuliza binti aliyejenga ni yupi, maana mtu pekee aliyekuwa anamlipa, anamkoromea na kumpimia saruji kwa kikombe alikuwa mimi.

Wa pili ndiye aliyenikalia kooni. Anayeishi mkabala, aliyeona kila tofali, ni mmoja tu, nawe unamjua. Siku mbili nilifika kwenye geti lake nikajifanya nimepita. Ya tatu alinifungulia mwenyewe, akasema, "Ingia, utaimaliza lami."

Nikaingia, nikakaa, nikakataa chai. Nikamwambia yote. Kwamba binti hakujenga, nilijenga mimi, na kwamba nahitaji aje aseme hivyo mbele ya ofisa. Nilimwambia macho nikiwa nimeyaelekeza kwenye zulia. Mama Daktari akasema, "Nilikuwa nakuona ukibeba kokoto kwa ndoo. Nilijua siku zote."

Nikamuuliza mbona basi hukuniumbua, miaka minne ninakutambia. Akajibu, "Nilikuachia. Na mimi nina yangu."

Sikumuuliza yake ni yapi. Ila nitamuuliza.

Ofisi ya mtaa tulikwenda watatu jana. Mwanangu, kule hakuna faragha. Ni chumba kimoja na mabenchi manne, na waliokuja kuomba barua za utambulisho walikuwa wamejaa hadi mlangoni, nusu yao wameshasikia habari za nyumba yangu kutoka kinywani mwangu. Ofisa anaandika huku anasoma kwa sauti ili asikosee. Akafika pale pa nani aliyejenga, akainua kichwa.

"Kwa hiyo, mama, binti yako hakukujengea?"

Nilimwona mke wa mpishi kwenye benchi la nyuma, ambaye mwezi uliopita nilimwambia wanawe wakuige wewe. Nikasema, "Hakunijengea. Kuta nimejenga mimi, kwa mashuka ya wagonjwa. Paa amejenga mkwe wangu, kwa mkopo wake. Binti yangu ametia mapazia na makochi, na ndiye aliyenituma nije niseme ukweli."

Ofisa akaandika hivyo hivyo. Fundi akatia sahihi, Mama Daktari akatia sahihi yake yenye mikia.

Nilidhani nitatoka nikiwa mdogo. Nikafika mlangoni, mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika mkono, akaniuliza tofali nilinunua au nilifyatua. Nikamwambia nilifyatua. Akauliza ngapi. Nikamwambia elfu mbili na mia nne, na zilizovunjika ni kumi na moja. Akauliza nilianza na pesa kiasi gani, nikamwambia. Mwingine akasogea. Mwingine akauliza kama saruji niliinunua yote kwa pamoja au kidogo kidogo. Basi mwanangu, nilikaa kwenye benchi lao nusu saa nzima nikieleza, na hakuna aliyeniambia maskini. Mama Daktari akaanza kuwaambia kuhusu ndoo za kokoto, tena anazidisha. Nikamwacha azidishe.

Miaka minne nimekuwa najisifia nyumba kwa mdomo wa uongo, kumbe ya kweli ina utamu zaidi. Mtu kujengewa, hilo ni bahati. Mimi nimejenga.

Karatasi hizi na mihuri yake nampa dereva, nimemwapisha. Azikalie njia nzima, asiziweke chini.

Mama yako, mwenye kuta.


6 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Mimi mzima na moyo mweupe. Goti nitalitumia dawa kwa dereva.

Imekwisha. Msuluhishi amesoma maelezo yako hadi mwisho, halafu akairudia ile sehemu ya kuta, paa na mapazia. Akaichukua barua yako ya kwanza akaibana nyuma ya faili, akasema tumalizane. Nyumba imetoka kwenye orodha. Kuta ni zako, hazituhusu.

Nimepata cherehani zote mbili, meza ya kukatia na vitambaa. Yeye ana randa, msumeno na mbao. Deni la sponji nusu kwa nusu, tumeshapeleka. Chumba cha karakana kodi yake inaisha Mei, na hadi hapo tunabaki wote wawili ndani yake, kwa sababu zile seti tisa haziwezi kugawanywa. Tumekubaliana hakuna mteja wa kurudishiwa pesa. Yeye anapigilia, mimi navisha. Jana tumemaliza ya tatu. Hatuongei sana, lakini aliponipa fremu alikuwa amepiga msasa hata pale ambapo kitambaa kitafunika. Niliona. Hakuna mtu mwingine atakayeona.

Sasa nikuchekeshe. Katika kuachana kote huku tumegombana mara moja tu, na ni kwa ajili ya paa lako. Msuluhishi alitaka kuligawa deni la mkopo nusu kwa nusu. Mimi nikasema ni langu lote, paa ni la mama yangu. Yeye akasema hataki hata nusu yangu, alichompa mama amempa. Nikapiga meza. Akasimama. Msuluhishi akatuambia ameshaona watu wakitupiana madeni, lakini wanaonyang'anyana deni ndio kwanza anawaona. Mwishoni mkopaji ni yeye, jina ni lake, deni likabaki kwake. Hapo sijaridhika, Mama. Anapanga chumba kipya, anaanza upya, na kila mwezi atakuwa anakatwa kwa ajili yetu. Lakini akikataa kupokea, nitafanyaje?

Aliomba nakala ya maelezo yako. Ameikunja ameiweka mfukoni mwa shati la kazi.

Mwanao.


4 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta unakula, na kazi inakwenda. Mimi sijambo kabisa. Dawa ya goti nimepata, nimempa nusu Mama Daktari maana lake linamuuma pia. Ya kwake ameniambia, yale aliyosema anayo. Siwezi kuandika, niliapa. Ni mazito kidogo kuliko yangu, na nimefurahi.

Uliniuliza ufanyeje kama mkwe wangu anakataa kupokea. Wewe usifanye kitu. Watu wazima wakikunyang'anya mzigo, unawaacha wapite mbele halafu unaushika kwa nyuma.

Chumba cha uani nimempangisha mwalimu mgeni. Anakoroma, lakini analipa tarehe moja. Kodi yake nimeipigia hesabu, na makato ya mkopo wa paa yanaingia ndani yake na inabaki ya sukari. Kile chama kina tawi hapa kwetu, nyuma ya soko la viatu, sikujua hadi nilipouliza. Ijumaa nikavaa gauni la bluu, nikaenda.

Usije ukadhani nimeirudisha zawadi yake. Zawadi nimeipokea, nimelala chini yake mvua nne, na siku nikimwona nitamshukuru kwa mikono miwili. Zawadi ni ule moyo wa siku ile aliyoona nailoni akanyamaza. Huo siwezi kuulipa na sitajaribu. Hiki kilichobaki ni makato tu, na makato hayana moyo. Mtu anayeanza upya asianze akiwa amebeba bati la mtu mwingine kichwani.

Nilikuta foleni. Sikupishwa, nilisimama kama wengine. Nilipofika dirishani nikataja jina la mkopaji na namba uliyoiandika kwenye ile orodha. Nikasema nalipa mwezi huu, na miezi yote iliyobaki nitakuwa nakuja mwenyewe. Karani, dada mmoja mwenye kucha ndefu, akatazama kwenye kompyuta yake, akavuta kitabu cha risiti, akaniuliza mimi ni nani kwake ili aandike. Nikamwambia andika mama mkwe.

Akasoma tena pale kwenye kioo chake. Akainamisha kichwa kidogo, akaongea polepole kama anayemwambia mtu habari za msiba. Akasema, "Mama, huyu bwana amebadilisha fomu zake mwezi uliopita. Hapa inaonyesha ameachana na mke."

"Najua," nikamwambia. "Wao ndio wameachana. Andika mama mkwe."

Akaandika.

Mama yako.